Mpokeo wa Kuazima

Jumamosi asubuhi, katika ghorofa ya juu kabisa ya Jengo la Bigwa mjini Morogoro, Kobelo alikuwa amejikunja kwenye zulia la sebuleni akiugulia sikio la kushoto. Mtu mzima na ndevu zake, magoti yamefika kifuani, kiganja kimoja amekikandamiza sikioni na kidole cha mkono wa pili amekiuma ili asipige kelele. Mgonjwa mwenyewe alikuwa pembeni yake. Zawena, binti yake wa miaka mitatu, alikuwa amekaa akimvua mwanasesere viatu, na kila baada ya muda alimtupia baba yake jicho kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Baba, unalia?"

"Silii, mama. Nakusaidia."

Na kweli alikuwa anamsaidia. Kwenye kifundo cha mkono wa Zawena kulikuwa na bangili laini ya kijivu, na kwenye mkono wa Kobelo, juu ya kiwiko, mkanda mpana wa rangi hiyohiyo. Viwili hivyo kwa pamoja ndivyo watu wa wakati ule walivyoviita mpokeo. Bangili husikiliza mishipa ya fahamu ya mtoto, huyakamata maumivu kabla hayajafika kichwani na kuyarusha kwenye mkanda. Mkanda nao huyaandika upya katika mwili wa mzazi, mahali palepale na kwa ukali uleule. Mgeni akija na mzigo, mwenyeji hukimbilia kumpokea; mafundi walioibuni mashine ile walilitoa jina hapo, wala hakuna aliyeona wamekosea.

Lakini mpokeo haukubuniwa kwa huruma peke yake. Mtoto mdogo hajui kueleza. Ukimuuliza panauma wapi, atakuonyesha tumbo, hata kama ni jino, hata kama ni goti, na madaktari walikuwa na vichekesho vyao kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo wakaacha kumuuliza mtoto, wakaanza kumuuliza mzazi. Miaka ikapita, na sasa ungezunguka zahanati zote za mkoa usimpate daktari anayejisumbua kubonyeza tumbo la mtoto kwa vidole. Wengi hawakufundishwa.

"Unaumwa wapi, Baba Zawena?" aliuliza Daktari Nietiwe kutoka kwenye kioo cha ukutani. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akihudumia wagonjwa wa mikoa kadhaa bila kuinuka kwenye kiti chake.

"Sikio la kushoto, Daktari. Kama mtu ananipitisha msumari wa moto."

"Linapiga, au linachoma tu?"

"Linafanya yote."

"Pole sana. Ni usaha sikioni, kipindi hiki cha baridi wanao wengi. Mtoto anakula?"

"Jana usiku alitapika. Leo amekula nusu biskuti."

"Homa ya sikio hutapisha. Nakuletea matone sasa hivi. Uvumilie mpaka kesho dawa ianze kufanya kazi. Wewe ni baba mzuri."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Kobelo vizuri, maumivu au hakuna maumivu. Muda si mrefu kunguru-dawa alitua dirishani, yule ndege mdogo wa bati anayezunguka mji mzima na chupa tumboni, akaacha matone na kuondoka bila kuaga.

Kobelo alikuwa na sababu ya kutaka kuitwa baba mzuri wikiendi ile. Mkewe, Semeni, alikuwa ameondoka Ijumaa mchana kwa treni ya sumaku kwenda Mtwara, kwenye sherehe za mdogo wake anayeolewa. Semeni alimgusa mtoto shingoni akasita mlangoni, akasema naona kama ana joto, labda nisiende. Kobelo akamsukuma na begi lake. Homa ya mtoto ndiyo nini? Nenda kacheze, mimi si baba? Siku zote alikuwa mlimani akitengeneza nyavu za ukungu zinazoupa mji maji, na siku zote aliyekaa na mtoto mgonjwa alikuwa Semeni. Safari hii alijitwika mwenyewe.

Semeni hajafika hata nusu ya njia, Zawena akaanza kulia. Mpokeo wao wenyewe ulikuwa umekufa tangu Zawena auzamishe kwenye ndoo ya nguo, na Kobelo kila wiki aliahidi kuupeleka kwa fundi. Hapo akafanya kile ambacho kila mtu katika jengo lile hufanya anapopungukiwa na chumvi, pasi au kitanda cha mtoto. Alivuka ukumbi akaenda kuazima kwa jirani.

Jirani huyo jina lake ni Mwajabu, ingawa kwa miaka yote watu walimjua kwa jina la Mama Nuhu. Nuhu, mtoto wake wa pekee, alikuwa amefariki mwaka uliopita, akiwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Baba wa mtoto alihamia Tabora baada ya arobaini, simu zake zikawa chache. Tangu hapo watu wa jengo walikwama na jina. Kumwita Mama Nuhu ni kumtonesha kidonda, na kuacha kumwita hivyo ni kama kumzika mtoto tena. Kobelo alijificha kwenye neno "dada".

Msibani alikwenda. Alikaa kwenye mkeka na wanaume wenzake, akatoa rambirambi, akasikia watu wakisema mtoto aliugua ghafla, Mungu kampenda zaidi. Hakuuliza aliugua nini. Hakuna aliyeuliza. Pale Bigwa, kuuliza marehemu kaondoka kwa maradhi gani huku mama yake anasikia ni kukosa adabu, na Kobelo alilelewa vizuri.

"Dada, samahani kwa usumbufu," alisema Ijumaa ile, Zawena akilia begani. "Mtoto anaumwa, na mpokeo wetu umekufa."

Mwajabu alibaki ameshika kitasa. Mtu haombwi kitu cha mtoto mgonjwa akasema hana, na yeye hakusema. Alirudi ndani, akakaa huko mpaka Kobelo akaanza kujuta kuja, kisha akatoka na mpokeo umefungwa ndani ya khanga kama kitu cha kuvunjika.

"Uvae tu, shemeji. Usibonyeze kitu chochote pembeni."

"Sawa, dada."

"Jumapili jioni uniletee. Uniletee mwenyewe, usimpe mtu."

Kila mzazi anajua kwamba mpokeo hujifunza mwili wa mtoto mmoja. Kadiri unavyovaliwa, ndivyo unavyochora ramani yake, kila mshipa, kila mguso na kila kichomi, na kabla ya kumvisha mtoto mwingine lazima uoshwe, yaani ukishikilie kile kitufe cha pembeni mpaka ramani ya zamani ifutike. Kobelo alilijua hilo vizuri kabisa. Swali lilimfika mdomoni, umeoshwa huu?, naye akalimeza. Kumuuliza mama yule kama ameuosha kungekuwa kumwambia usoni kwamba mtoto wake hatauhitaji tena. Alishukuru, akaondoka.

Mchana wa Jumamosi matone hayakuwa yamesaidia chochote. Katika kumchezesha mtoto, Kobelo akamuuliza, "Haya mama, hebu mwonyeshe baba, panauma wapi?"

Zawena akapandisha gauni, akaweka kidole karibu na kitovu. "Hapa. Tumbo."

Kobelo alicheka japo sikio lilikuwa linampasua. Semeni alipotokea kwenye kioo, nywele zimesukwa upya na nyuma yake wanawake wanapiga vigelegele, alimsimulia, na Semeni naye akacheka.

"Na wewe mbona umejishika tumbo?" Semeni aliuliza.

"Maharage ya jana."

"Ulipika mwenyewe?"

"Nilipika mwenyewe."

"Basi hayo ni mawe, Baba Zawena. Pole."

Kwa kweli tangu usiku kuna kitu kilikuwa kinakuja tumboni mwake, kinakaza kama mtu anayekamua nguo, halafu kinaachia. Hakukijali. Sikio ndilo lililokuwa na sauti kubwa.

Alasiri yakaanza mambo ambayo hakuyaelewa. Kwanza miguu yake ikawa ya baridi, baridi ya mtu aliyelala kitandani siku nyingi. Akadhani ni ya Zawena, akamletea soksi. Alipoishika miguu ya mtoto ilikuwa ya moto, akazivua soksi akabaki nazo mkononi. Kisha kiu. Alikunywa maji jagi zima na kiu haikusogea, kwa sababu haikuwa kwenye koo lake. Akamuuliza Zawena kama anataka maji, Zawena akatikisa kichwa.

Na sikio lenyewe halikuwa na akili. Mtoto akitulia au akisinzia, hapo ndipo lilipompiga sana. Mtoto akijikunja na kuvuta magoti, sikio lilififia na maharage yakaja. Mtu mwingine angeunganisha mambo hayo, lakini Kobelo alikuwa na usingizi na maumivu, na daktari alishasema ni sikio.

Kulikuwa pia na ukuta. Sebule yake na ya Mwajabu zimepakana, ukuta mmoja katikati. Kila Kobelo alipogumia, kitu kilisogea upande wa pili, taratibu, kama mtu aliyeegemea ukutani anayebadilisha mkao. Akinyamaza, nacho kinanyamaza. Alijaribu kugumia kwa sauti ya chini, na akasikia kile kitu kikisogea karibu zaidi. Aliona wazi kwamba anasikilizwa, na akaona pia, bila kujua kwa nini, kwamba anayesikilizwa si yeye. Alimchukua Zawena wakahamia chumbani.

Jumapili asubuhi Zawena hakumtaka mwanasesere. Alikuwa amelala ubavu, macho nusu, midomo imepauka. Alitapika maji ya kijani bila kulia, na angeliaje, kilio chake chote kilikuwa kwenye mkono wa baba yake. Kobelo alipombadilisha nguo aliona damu, nzito kama jamu. Tumbo lake mwenyewe likakazwa, safari hii kwa nguvu iliyompeleka magotini, na halikuwa na uhusiano wowote na maharage.

Akiwa hapo chini, ameshika kitambaa, aliuhisi ulimi wake unasukuma jino.

Lilikuwa jino la mbele, la chini, nalo linacheza. Ulimi ulilisukuma nje, ukalirudisha ndani, kwa ile raha ya mtoto anayejua kwamba kesho atalionyesha kwa wenzake. Kobelo aliingiza kidole mdomoni. Meno yake yote yalikuwa imara. Akamfungua Zawena mdomo kwa uangalifu. Vijino vyake vilikuwa vimepangana vyote, hakuna kilicholegea. Mtoto wa miaka mitatu hang'oki meno. Na bado ulimi uliendelea kusukuma jino ambalo halikuwa la mtu yeyote ndani ya chumba kile.

Ndipo akamkumbuka Nuhu kwenye lifti, mwaka uliopita, amebeba mkoba mkubwa kuliko yeye, anaachama na kulisukuma jino lake kwa ulimi ili watu wazima waseme "ah, toa hapa". Kobelo alisema hivyo. Mtoto alicheka mpaka ghorofa ya juu.

"Nuhu," alisema kwa sauti ndogo.

Sikio likampiga. Aliogopa waziwazi, kama mtoto, na alichoogopa zaidi ni kwamba kwa siku nzima na nusu alikuwa amembeba mtoto wa mtu mwingine huku wake akiwa amelala peke yake pembeni.

Daktari Nietiwe aliiona damu kupitia kioo na upole wake ukapungua. "Panauma wapi sasa?"

"Sikio. Na tumbo. Daktari, mkanda huu ni wa kuazima."

"Ulioshwa?"

"Sidhani."

"Basi ndani yake wamo wawili," alisema Daktari. "Mkanda ukipokea kidogo kutoka kwa mtoto aliye hai, hujaza pengo kwa ramani ya zamani. Siwezi kujua sikio ni la nani na tumbo ni la nani. Kama tumbo ni la Zawena, utumbo wake umejiingiza ndani yake wenyewe kama mkono wa shati, na hiyo haisubiri kesho. Naituma ndege ya wagonjwa. Lakini mikono ya chuma iliyomo ndani haifuati macho, inafuata mpokeo. Ikikuta watoto wawili kwenye mkanda mmoja haitamgusa. Shikilia kitufe, uoshe."

"Nikishaosha, ile ya zamani inarudi?"

"Hairudi."

"Na nisipoosha?"

"Nitabahatisha, Baba Zawena. Na mimi sijawahi kumgusa mtoto mgonjwa kwa mikono yangu."

Kobelo aliuvua mkanda, kwa muda mfupi tu, apate kuona. Zawena alipiga ukelele ambao hakuwahi kuusikia kwake, na mikono yote miwili ikaenda tumboni. Akauvaa tena haraka, ukelele ukahamia kwenye mwili wake. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Alitaka kukibonyeza, na kila baba angekibonyeza. Lakini kulikuwa na mtoto ndani anayechezea jino lake, na mtoto huyo alikuwa na mama ng'ambo ya ukuta. Alimbeba Zawena akavuka ukumbi.

Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga. Mwajabu alikuwa amejifunika khanga kichwani, na nyuma yake mto wa kukalia ulikuwa umewekwa sakafuni, kwenye ukuta.

"Mama Nuhu," alisema Kobelo, jina likamtoka lenyewe. "Nuhu aliumwa nini?"

Mwajabu alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya nyumbani kwao baada ya miaka ya ugenini.

"Sikio," alisema. "La kushoto. Tukaambiwa matone, tuvumilie. Likaingia kichwani."

"Na tumbo?"

"Tumbo halikumuuma hata siku moja."

Basi jibu lilikuwa hilo, na Zawena alishalitoa kwa mdomo wake tangu jana, gauni juu na kidole kitovuni, wazazi wake wote wawili wakacheka. Kobelo aliona aibu iliyomchoma kuliko lile sikio, na juu ya aibu ikapanda hasira.

"Ulikuwa ukutani. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Ukajua ni sikio la mwanao, ukaniacha namtilia wangu matone."

"Nilijua ni yeye. Ile ya kugumia halafu kunyamaza, ni yeye kabisa." Mwajabu hakujitetea kwa sauti. "Nikasema, Zawena ana homa ndogo tu, itapoa yenyewe, kesho shemeji ataurudisha. Niache nimsikilize kidogo. Sikujua kuna tumbo. Nisamehe au usinisamehe, shemeji, lakini sikujua."

Kobelo alitaka kumtukana. Alimtazama usoni akashindwa. Juu ya paa ndege ya wagonjwa ilikuwa inatua, vioo vya ukumbi vikatetemeka.

"Lazima uoshwe," alisema. "Ni sasa hivi. Nimekuja kukwambia kwanza, basi."

"Unajua kwa nini sikuuosha?" Mwajabu alikuwa tayari amefunga mlango nyuma yake na anatembea naye kwenda kwenye ngazi za paa, akiongea haraka kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. "Watu watasema napenda kuumia. Jioni nauvaa, bangili naifunga kwenye mto. Sikio linakuja, nang'ata khanga. Halafu mwishoni kabisa kuna mkono. Unapita mgongoni kwake, unapanda, unashuka. Ni mkono wangu, shemeji. Siku ile nilikuwa nampapasa, na yeye ameshaacha kusema, hafumbui macho, nikaulizana na nafsi yangu kama nampapasa mtu au nampapasa kitanda. Hakuna daktari aliyeweza kunijibu. Mkanda ndio ulionijibu. Alikuwa anausikia."

Kwa Kobelo hata "pole" ilikuwa ndogo.

Paani ukungu wa Uluguru ulikuwa umeshuka hadi kwenye magurudumu ya ndege. Mlango wake ulikuwa wazi, na ndani, chini ya mwanga mweupe, mikono minne ya chuma ilikuwa imekunjwa ikisubiri juu ya kitanda kidogo. Kobelo alimlaza Zawena. Sauti tulivu ya mashine ikasema kwamba kuna ramani mbili, kazi haiwezi kuanza.

Mwajabu alinyoosha mkono. "Nivishe mimi. Nauosha mwenyewe."

"Maumivu ya Zawena yatakuja kwako."

"Najua mpokeo unavyofanya kazi. Nivishe."

Alimvisha. Mwajabu aliketi kwenye benchi la mpokeaji, akafumba macho, akakishika kitufe na kukishikilia. Hakulia. Alikuwa anaongea peke yake, kwa sauti ya mtu anayemkagua mtoto kabla ya kwenda shule. "Miguu imepata joto," alisema. Baadaye, "Kiu imekwisha." Baadaye tena akatabasamu, na Kobelo akajua ni jino. Sikio lilipoondoka alilegea mabega yote mawili, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Kisha akanyoosha mgongo, hapumui, anasubiri kitu kipite. Kikapita. Uso wake ulibaki mtupu, na kidole kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Ramani moja," mashine ilisema. "Mpokeaji mmoja, mtoto mmoja. Asibadilishwe mpaka kazi iishe."

Na hapo tumbo la Zawena, safi, peke yake, halina pa kujificha tena, likamfikia. Mwajabu alijikunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Alijaza khanga mdomoni. Mikono ya chuma ilikunjuka na kuanza kazi yake, ikisukuma hewa kidogokidogo ili utumbo urudi ulikotoka, na kila msukumo Kobelo aliuona kwenye mgongo wa mwanamke yule.

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hakuumwa popote. Mwili wake ulikuwa mwepesi na wa bure, na hakujua aufanyie nini. Zawena alikuwa amelala ubavu, macho nusu, amemtazama baba yake au hakumtazama. Kobelo alimwita. Hakuitika. Alimwita jina lote, na la ukoo, na "mama", na mtoto hakupepesa hata kope. Basi akaweka kiganja mgongoni kwake, chini ya gauni, akaanza kumpapasa taratibu, kupanda na kushuka, kama mtu anayefanya kitu kwa sababu hana kingine cha kufanya. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Utumbo unaanza kuachia," mashine ilisema. "Mpokeaji asitikisike."

Kobelo aliinua mkono wake kutoka mgongoni mwa mtoto, akiogopa kwamba anaharibu.

Mwajabu alitoa khanga mdomoni. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na hakufungua macho.

"Usiutoe mkono," alisema. "Anausikia."

Kobelo akaurudisha.